Jino la Fundi Alhamisi

Pale mtaani ukiuliza jina lake la kuzaliwa, watu walikuna vichwa kwanza. Walimjua kama Fundi Alhamisi. Hakusingiziwa jina hilo hata kidogo. Alilifanyia kazi miaka kumi na minane kwa mdomo wake mwenyewe. Ulimpelekea kitambaa, akakipapasa, akakisifia, akakupima mabega na kiuno, akaandika kwenye daftari, kisha akakwambia, "Njoo Alhamisi." Ulipokwenda Alhamisi alikutazama kwa huruma, kana kwamba wewe ndiye uliyekosea kalenda, akasema, "Si nilikwambia Alhamisi? Basi, Alhamisi." Watu walimvumilia kwa sababu moja tu. Siku nguo ilipotoka, ilikaa mwilini kama umezaliwa nayo.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara. Kushoto palikuwa na meza ndefu ya kukatia, kulia cherehani mbili na pasi. Yeye alikata, mkewe alishona. Mke alikuwa na mguu mwepesi na mshono ulionyooka kama umepigwa rula, lakini mkasi hakuugusa. Mkasi ulikuwa wa bwana. Chini ya meza kulikuwa na kikapu cha vipande vya nguo, na ndani ya kikapu alikaa binti yao wa miaka miwili kama malkia, akionja vifungo na kunyang'anywa, akionja tena na kunyang'anywa tena.

Sasa huu ulikuwa mwezi wa tatu mkono wa fundi umegoma.

Mkasi haukuwa na kosa. Alishaunoa mara nne. Alitandaza kitambaa, akakilainisha kwa viganja, akachora chaki bila tatizo, akaushika mkasi, akaufungua, halafu mkono ukabaki hewani kama wa mtu aliyetaka kumsalimia jamaa yake akagundua kuwa si yeye. Dakika moja, mbili, tano. Mwishowe alikunja kitambaa na kukirudisha kwenye rafu, akasema hewa nzito leo.

Balaa ni kwamba hakuna mteja aliyeshtuka. Ndiyo hasara ya sifa kama yake: alikuwa anazama, na watu wa pembeni walidhani anaogelea kama siku zote.

Aliyejua ni mkewe. Alijua pia mkono ulianza lini. Ulianza wiki moja baada ya kumzika mama yake fundi. Na alijua kwamba juu kabisa ya rafu, nyuma ya maboksi ya bitana, kulikuwa na kifurushi cha gazeti chenye kitambaa cha maua madogo ya zambarau, ambacho mumewe alikuwa anapita chini yake kila siku bila kuinua macho. Lakini alipotaja, fundi alisema, "Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa." Akaenda kunoa mkasi mara ya tano.

Asubuhi moja mke aliweka karatasi juu ya meza ya kukatia.

"Nimepata nafasi kiwandani," alisema. "Kushona mikono ya mashati."

"Mikono tu?"

"Mikono tu. Ya kulia. Ya kushoto ina mtu wake."

Fundi aliitazama ile karatasi kama mtu anayetazama nyoka. Ilikuwa fomu ngumu, nyeupe, yenye nafasi ya sahihi.

"Wanataka jibu mwisho wa mwezi," mke aliendelea, safari hii kwa sauti ya chini. "Mimi siendi kwa kupenda, baba watoto. Lakini siwezi kushona nguo ambazo hazijakatwa. Nikienda, mtoto atabaki kwa mama mdogo, na hapa tutafunga. Wewe utakaa na nani?"

Mtoto kikapuni alitema kifungo.

"Kuna mshauri pale zahanati," mke alisema. "Nesi aliniambia siku nilipompeleka mtoto kupimwa uzito. Anakuja mara moja kwa wiki. Unakwenda, unazungumza naye."

"Mimi si mwendawazimu."

"Nani kasema? Kilichogoma ni mkono, si kichwa."

"Basi nimwone daktari wa mikono."

"Umemwona. Kasema mkono mzima, angetamani awe nao yeye."

"Huyo mshauri anakuja siku gani?"

Mke aliuma midomo ili asicheke. "Alhamisi."

*

Kabla ya kukubali, fundi alivuka barabara kwenda kutafuta maoni ya mtu mwenye akili. Ng'ambo alikuwepo kinyozi, rafiki yake wa miaka mingi, ambaye hakuna jambo chini ya jua asilolijua, na kama halijui hukwambia vilevile.

"Kuna mtu namfahamu," fundi alianza, akijikalisha kwenye kiti cha kunyolea.

"Ndiyo, namjua," kinyozi alisema, akimfunga shuka shingoni.

"Humjui. Ni mtu wa mbali. Ameambiwa aende kwa mshauri, wale wa kuzungumza nao. Wewe unasemaje?"

Kinyozi alizima mashine. Alitazama mlangoni, akarudi.

"Mwambie asithubutu. Kwanza wanakulaza kwenye kochi. Kochi refu, jekundu. Halafu wanafunga mapazia, anakutikisia kisaa cha mnyororo hivi, hivi, hivi. Ukija kushtuka umeshasema yote. Umesema mpaka kuku uliyemwibia jirani ukiwa darasa la tatu."

"Sikuiba kuku."

"Kumbe ni wewe?"

"Nasema yule mtu. Hakuiba kuku."

"Kila mtu ana kuku wake, bwana. Na yote yanaandikwa kitabuni. Ukishaandikwa mle, umeandikwa! Jambo la mwisho," kinyozi aliinama sikioni, "hawakuachii. Ni kama nywele. Unakatwa, zinaota, unarudi. Mpaka kaburini." Aliwasha mashine tena, akatikisa kichwa kwa namna iliyofanana sana na wivu. "Biashara safi, kusema kweli."

Nyumbani hali haikuwa bora. Mama mdogo, yaani mdogo wake marehemu mama, alikuwa jikoni anasikiliza redio, na kama kwa makusudi redio ilikuwa inazungumzia ushauri huohuo.

"Watu hao!" mama mdogo aliiambia redio. "Kwao kila kitu ni mama. Mtu anaumwa goti, watamuuliza mama yako alikuleaje. Masikini wazazi, wanalaumiwa mpaka na magoti."

Fundi alisimama mlangoni. Kochi angelala. Kuku angemkiri hata kama hakumwiba. Lakini mtu amguse mama yake, hapana.

Akakumbuka ile fomu nyeupe na mikono ya kulia.

"Mama mdogo," alisema, "Alhamisi sitakuwepo mchana. Nakwenda kutazamwa jino."

*

Uongo ule haukuwa mbaya, maana pale zahanati chumba cha mshauri kilikuwa jirani na cha daktari wa meno, na benchi la kusubiria lilikuwa moja. Ukikaa katikati ya benchi na kiganja kwenye shavu, hakuna wa kukutilia shaka. Fundi alikaa hivyo robo saa nzima, akigumia kidogo kila mtu alipopita.

Alipoitwa, aliingia macho yakitafuta kochi. Hakuliona. Palikuwa na viti viwili vya plastiki, meza ndogo, boksi la karatasi laini, na kalenda ya mwaka uliopita. Pazia lilikuwa wazi, na nje ya dirisha mtu alikuwa anaosha ndoo. Mshauri alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu na gauni la bluu ambalo pindo lake, Mungu wangu, lilikuwa limepinda. Upande wa kushoto lilikuwa juu kwa vidole viwili. Fundi alijitahidi kutazama pengine.

"Karibu ukae."

Hakukaa. Alisimama katikati ya chumba, mikono ameinyanyua kidogo mbali na mbavu, kidevu juu. Zikapita sekunde kadhaa.

"Kuna shida?" mshauri aliuliza.

"Nakusubiri upime."

"Nipime nini?"

Hapo fundi alijiona alivyosimama, akakaa haraka. Alieleza shida yake kwa mpangilio, kama mteja mzuri: mkono huu, tangu lini, unafanya nini, haufanyi nini. Habari za mama hakuzitia. Alipomaliza, alipiga magoti yake makofi na kuinuka.

"Basi ndiyo hivyo, daktari. Nije lini kuchukua?"

"Mimi si daktari. Kuchukua nini?"

"Kazi. Ikiwa tayari." Aliona mshauri hajaelewa, akamfafanulia kwa uvumilivu. "Kwetu mtu analeta kitambaa, anapimwa, anaondoka. Kazi tunabaki nayo sisi. Yeye anakuja kuchukua."

"Naam. Hapa kwangu mwenye kitambaa haondoki."

"Anabaki kufanya nini?"

"Mara nyingi yeye ndiye anashika mkasi."

"Na wewe?"

Mshauri alifikiri kweli, bila haraka. "Mimi nashika ule upande mwingine wa kitambaa, kisiteleze."

Fundi alimtazama kwa mashaka makubwa. Miaka kumi na minane kazini, hajapata kumwachia mteja mkasi. Waliongea kidogo kuhusu usingizi na chakula, mambo ambayo hayakuhusu mkono hata kidogo, kisha muda ukaisha.

"Basi tuonane Alhamisi," mshauri alisema.

Fundi alisimama mlangoni. Alilijua neno hilo. Alilijua lilivyotamkwa, kwa upole uleule, na tabasamu lilelile. Kwa mara ya kwanza maishani alilisikia kutoka upande wa mteja.

"Alhamisi ipi?" aliuliza, kwa uchungu wa wateja wake wote.

*

Nyumbani alikuta bakuli la uji.

"Mtu wa jino hatafuni," mama mdogo alisema. "Na maji ya chumvi yale pale, sukutua."

Mkewe alikata nyama yake polepole, vipande vidogo vidogo, akimwangalia mumewe kwa macho ya huruma yasiyo na huruma yoyote.

"Pole, baba watoto," alisema. "Linauma sana?"

"Linapoa," fundi alisema, akasukutua.

Alhamisi ya pili alikuwa amekata shauri la kutosema lolote. Aliingia, akakaa, akakunja mikono. Mshauri naye hakusema lolote. Ule ukimya ulimkera fundi; alitegemea maswali, hata la goti. Nje mtu aliosha ndoo ileile. Macho ya fundi yakashuka kwenye pindo, maana siku hiyo pia gauni lilikuwa lile la bluu, na safari hii hakujizuia.

"Samahani. Hilo gauni nani alikushonea?"

"Fundi mmoja," mshauri alisema, akijitazama. "Kwani lina nini?"

"Siwezi kumsema mwenzangu. Lakini lilale juu ya meza yangu dakika kumi tu."

"Nilikaa miezi minne nikilisubiri. Kila nikienda, ananiambia Jumamosi."

Fundi akacheka. Cheko lilimtoka kabla hajaliruhusu, la kwanza tangu msiba, halafu likakatika katikati kama uzi uliooza.

"Miezi minne," alisema. "Mama yangu alisubiri minane."

Ikawa imetoka. Akaendelea, kwa sababu ilikuwa imeshatoka. Mama alileta kitambaa mwenyewe, cha maua ya zambarau. Alichagua na vifungo, saba, rangi ya maziwa, akavitia kwenye bahasha. Alitaka kola ya duara na mikono inayofika kwenye kiwiko. Fundi alimpima pale dukani, akamwandika kwenye daftari kama mteja yeyote, wakacheka. Akamwambia njoo Alhamisi. Wateja wa nje ndio wanaopiga kelele, mama hapigi kelele. Kwa hiyo kila wiki kitambaa cha mama kilisogea nyuma, kikapisha sare, kikapisha suti, kikapisha magauni ya harusi za watu. Na siku alipolazwa hospitali, siku tatu tu, fundi aliwaza, akitoka nitamshonea.

"Mama alikuwa anajibu nini," mshauri aliuliza, "ukimwambia Alhamisi?"

"Ndiyo hayo!" Fundi aliruka. "Niliambiwa mimi! Niliambiwa mtaanza na mama!"

"Umeanza wewe, fundi."

Alifungua mdomo, akakumbuka, akaufunga. Ni kweli. Alikuwa ameanza yeye, na pindo la gauni.

"Alikuwa anasema," aliendelea kwa sauti ndogo, "'Ya mwaka gani, mwanangu?'" Akavuta karatasi moja kwenye boksi, halafu akalisogeza boksi zima karibu.

*

Alhamisi ya tatu alifika mapema na kiganja kwenye shavu, kama ilivyo ada. Benchini alikuwepo mtu mwingine, leso usoni, ameinama. Fundi alikaa pembeni yake.

"Jino?" aliuliza kwa heshima.

"Jino," sauti ilijibu nyuma ya leso.

Ilikuwa sauti ambayo fundi angeitambua hata usingizini. Aligeuka. Leso iligeuka. Juu ya leso kulikuwa na macho ya kinyozi.

Walitazamana. Muda huo daktari wa meno alifungua mlango wake, akauliza nani anafuata, na hakuna kati yao aliyeinuka. Daktari aliwatazama mmoja mmoja, akafunga mlango.

"Ulisema kuna kochi," fundi alisema hatimaye.

"Ulitaka niseme nini? Kwamba kuna viti vya plastiki? Ungeniuliza nimejuaje."

"Jekundu, ukasema. Na kisaa."

"Mtu akisema uongo, bwana, auvalishe vizuri." Kinyozi alishusha leso, akaikunja. "Mwezi wa tano huu nakuja. Na usiniulize ya nini."

"Sikuulizi. Ila mwenzangu, mimi sikulala wiki nzima kwa ajili ya kuku wako."

Kinyozi alianza kutetemeka mabega. Fundi naye. Walicheka kimyakimya, vichwa chini, wameshika mashavu, na nesi aliyepita aliwapa pole kwa maumivu.

Ndani, fundi hakungoja kuulizwa. Alikuwa ameliwaza jambo lake wiki nzima, na alikuja na hesabu yake tayari.

"Nimeelewa," alisema. "Mama hakuwa anafuata gauni. Alikuwa anakuja kukaa dukani, kumtania mjukuu, kula karanga zake. Gauni lilikuwa kisingizio. Si ndivyo?"

Aliegemea mbele akingoja kuambiwa ndivyo.

"Wewe unaonaje?" mshauri aliuliza.

Fundi alitamani sana iwe hivyo. Lakini akaviona vile vifungo saba, jinsi mama alivyovigeuzageuza kwenye mwanga wa mlango, akarudisha kimoja kwa muuzaji kwa sababu kilikuwa na mkwaruzo.

"Alilitaka," alisema. "Karanga ni kweli. Lakini na gauni alilitaka."

"Alilitaka," mshauri alisema.

Hakuongeza kitu. Hilo lilimuudhi fundi.

"Nilidhani utaniambia si kosa langu. Si ndiyo kazi yako?"

"Ningekwambia, ungeniamini?"

"Hapana."

"Basi."

Nje, leo, hakuna aliyeosha ndoo. Fundi alilia kidogo, si kwa sauti, kama mtu anayeshusha mzigo aliouzoea mpaka akasahau kwamba ni mzigo. Alipomaliza alijifuta, akaliangalia lile pindo kwa mara nyingine.

"Nisaidie jambo moja tu," alisema. "Nikikate kile kitambaa, nisikikate?"

"Mimi kukata sijui," mshauri alisema. "Umeona mwenyewe ninavyovaa."

*

Jumanne iliyofuata, siku mbili kabla ya mwezi kuisha, fundi alipanda juu ya kiti dukani akashusha kifurushi. Mkewe alimwona, akainamisha kichwa kwenye cherehani, akajifanya ana kazi.

Alikitandaza kitambaa. Alifungua daftari la vipimo, akarudi nyuma kurasa nyingi, mpaka mahali palipoandikwa tu "Mama": kifua, kiuno, nyonga, bega hadi kiwiko. Tarakimu zilikuwa zake, za haraka haraka. Pembeni alikuwa ameandika neno moja la siku ya wiki. Alichora chaki.

"Nataka karatasi ngumu," alisema bila kugeuka. "Ya kola. Kola ya duara haikatwi kwa macho."

Nyuma yake droo ilifunguliwa. Mkewe alimwekea karatasi mezani. Ilikuwa nyeupe, ngumu, yenye nafasi ya sahihi.

"Hii si fomu yako?"

"Upande wa pili ni mtupu," mke alisema.

"Mama watoto. Sijakata bado. Huenda mkono..."

"Chora kola, bwana. Unanipotezea muda."

Akaigeuza, akachora kola. Mkasi ulipita kwanza kwenye fomu, ukaizunguka, kwa sauti kavu ya karatasi. Kisha akaweka kola ya karatasi juu ya maua ya zambarau, akaufungua mkasi, na mkono ukasimama hewani.

Kikapuni mtoto aliacha kutafuna. Fundi alisema kitu kwa sauti ambayo mkewe hakuisikia vizuri; ilisikika kama "Ya mwaka huu, mama." Halafu ukaja mlio ambao duka lile lilikuwa halijausikia miezi mitatu, ule mlio mrefu wa kitambaa kikiachana, shaaa, kutoka ukingo hadi ukingo.

Cherehani ilikuwa inakimbia kwa kasi ya ajabu. Fundi aligeuka kumshukuru mkewe, akaona chini ya sindano hakuna nguo. Mke alikuwa anashona hewa, machozi yanamdondokea kwenye gurudumu.

"Hewa yenyewe umeipinda," fundi alimwambia.

"Kata nguo yako huko," mke alisema, akipenga kamasi.

Gauni lilikwisha siku ya pili, mchana. Kasoro ilikuwa kifungo. Kwenye bahasha vilikuwemo sita. Walipekua meza, droo, sakafu, mpaka mke akamwinua mtoto, akamminya mashavu kwa upole, na cha saba kikateleza nje, kinang'aa kuliko vyote.

"Leo siku gani?" mke aliuliza, akimalizia kukishona.

"Jumatano."

Alimgusa mumewe paji la uso kwa nyuma ya kiganja. "Unaumwa?"

Mama mdogo aliitwa. Aliliona gauni limetundikwa, akasimama mlangoni muda mrefu, mkono kifuani. Hakuna aliyemwambia ni la nani. Alilivaa juu ya nguo zake, likapita mabegani vizuri, likafika kifuani, likakataa.

"Kumbe dada alikuwa mwembamba hivi?"

"Hakuwa mwembamba, mama mdogo. Ni wewe ndiye..."

"Malizia hiyo sentensi nikuone."

Fundi alipiga magoti, akaanza kufumua mshono wa ubavuni. Kwa bahati alikuwa ameacha nafasi ya kutosha ndani, maana mama naye alikuwa na miezi yake ya kunenepa. Juu ya kichwa chake mama mdogo alivuta pumzi.

"Na hao watu wa Alhamisi," alisema, "wamemsema dada yangu?"

Mkono wa fundi ulisimama. "Watu gani?"

"Mwanangu, jino gani hilo linang'olewa wiki tatu na meno yote bado yapo?"

"Ulijua? Na uji je?"

"Uji nilikuwa nakukomoa, kwa kunificha."

Mke alikimbilia nyuma ya mlango, kicheko kikasikika mpaka kwa kinyozi. Fundi alitoa uzi, polepole, mmoja mmoja.

"Nilimsema mimi," alimjibu. "Na nilimsema vizuri."

"Haya," mama mdogo alisema, akalainisha maua tumboni kwa kiganja. "Achia na hapa kwenye kwapa. Pananibana."

Kesho yake asubuhi mwalimu wa shule ya jirani, ambaye kitambaa chake cha suti kilikuwa kimekaa pale tangu muhula uliopita, aliingia na uso wa mtu aliyekwisha kukata tamaa. Alimkuta fundi anakata, meza imejaa vipande.

"Usinijibu, fundi. Najua. Alhamisi."

"Njoo kesho," fundi alisema. "Ijumaa."

Mwalimu alishika kizingiti. "Kwa nini Ijumaa?"

"Leo mchana sipo." Fundi aliweka mkasi mezani. Alitazama ng'ambo, ambako kinyozi alikuwa mlangoni kwake anajifanya anafagia, akapaza sauti kiasi cha kuvuka barabara. "Nakwenda kwa mshauri, pale zahanati. Jirani na daktari wa meno."

Ufagio wa kinyozi ulianguka.

Mwalimu alitazama kushoto, akatazama kulia, akasogea mpaka kwenye meza na kuinamia vipande vya suti yake.

"Fundi," alinong'ona, "hivi ni kweli wana kochi?"